Radhi ya Goti la Chuma

Aa, hapana. Kisu cha daktari hakukiogopa. Pale Miburani, kisiwani Mafia, wote walisema hivyo, bibi kaogopa kisu, lakini Bi Mwanaharusi na kisu wapi na wapi? Mwanamke yule alipigwa mwiba na taa, yule samaki bapa wa mchangani, akauchomoa mwenyewe, akaendelea kufunga mwani wake mpaka maji yakajaa. Shida yake ilikuwa nyingine, na hakuna aliyeijua. Hata yeye mwenyewe hakuwa na maneno ya kuisema, mpaka lilipoingia gemu mle ndani ya nyumba. Ndiyo, gemu, la kwenye tivii. Msicheke. Kaeni vizuri msikilize.

Bi Mwanaharusi kwao Chole, kile kisiwa kidogo cha ng'ambo, na shamba lake la mwani liko huko huko. Miaka nenda miaka rudi kainama kwenye maji ya chumvi, mwisho goti la kulia likakataa. Likavimba kama fenesi. Hapo mwanawe Taufiki, fundi seremala, akaenda kumchukua, akamleta kwake Miburani, akamchongea kiti cha mninga na kumweka barazani. Kiti kizuri, hakina neno. Lakini mtu aliyezoea bahari ukimweka barazani kutazama kuku wa jirani, unamtafutia ugonjwa mwingine. Akawa mkali huyo! Kila apitaye ana kosa. Huyu kanzu fupi, yule shikamoo yake kaimeza nusu. Na alichokitaka ni kimoja tu duniani: arudi Chole kwa miguu yake, ashuke shambani kwake.

Sasa Taufiki anampenda mama yake, msimwone mbaya. Akaenda kwa daktari, akaambiwa goti bovu siku hizi linatolewa, linawekwa la chuma, Dar es Salaam wanafanya kila siku. Basi akapanga yote. Siku kapata, kitanda kapata, mtu wa kuwapokea kapata. Mpaka begi la mama kafunga. Ndipo akamwambia.

"Mama, keshokutwa tunasafiri. Unakwenda kuwekwa goti jipya."

"Nani?"

"Wewe, mama. La chuma."

Bi Mwanaharusi akalitazama lile begi, akamtazama mwanawe, akarudi kulitazama begi.

"Fungua hilo begi urudishe kanga zangu. Siendi."

"Kwa nini, mama?"

"Siendi tu."

Wakambembeleza weee. Wakamleta mwalimu wa madrasa, akamweleza kuwa chuma kikiwa ni cha matibabu hakina ubaya. "Najua, mwalimu," akasema Bi. "Kunywa chai yako." Ikawa ndiyo hivyo. Siku ikapita, kitanda akalala mwingine, begi likabaki pale pembeni ya mlango kama mgeni asiyekaribishwa.

Taufiki ana binti, Aziza. Kamaliza kidato cha nne, anafanya kazi Kilindoni kwa Javed, yule Mhindi mwenye banda la gemu karibu na soko. Mvua ikaezua paa la banda, Javed akamwambia Aziza alale na mashine moja nyumbani isije ikaharibika. Ndivyo lilivyoingia lile gemu.

Gemu lenyewe ni la mji wa miaka ijayo huko. Kuna dada mmoja, jina lake la kizungu gumu, Bi Mwanaharusi akamwita Zuhura, na Zuhura likawa ndilo jina lake Mafia nzima. Zuhura kaumia kazini, kampuni ikamwokota, alipozinduka kajikuta ana miguu ya chuma. Watu wake wamefungwa juu ya mnara, na anataka kuwatoa. Njiani anapewa vyuma vingine, mkono, kifua, macho, na kila chuma kinamzidishia nguvu. Lakini pembeni ya kioo kuna moyo mwekundu unawaka kama taa, na kila akiongeza chuma, ule moyo unafifia. Ukizimika, Zuhura hamjui mtu, anampiga hata wa kwao, na gemu limekwisha.

Vijana wa Kilindoni walikuwa wamegawanyika kama Simba na Yanga. Kuna Chuma, wao wanasema vaa kila kitu ukimbie kabla moyo haujazimika. Kuna Nyama, wao wanasema usivae kitu, binadamu abaki binadamu. Chuma walikuwa wanazimika ngazini. Nyama walikuwa wanauawa mlangoni. Juu ya mnara hakufika mtu.

Basi Aziza anacheza pale barazani, bibi yuko kwenye kiti chake ananung'unika. Kidogo kasogeza kiti. Kidogo tena kakisogeza.

"Huyo miguu ya chuma kawekewa na nani?"

"Kampuni, bibi."

"Wakamwuliza?"

"Alikuwa hajitambui."

"Hajitambui!" Bi akapiga paja, lile zima. "Mtu hajitambui, unamtoa yake unampachika ya kwako? Huo si wizi huo?"

"Lakini bibi, bila hiyo asingetembea."

"Wangemsubiri azinduke, wakamwuliza. Wanakimbilia wapi?" Akasogeza tena kiti. "Na mama yake yuko wapi?"

"Mama wa nani?"

"Wa Zuhura! Kaota kama uyoga?"

Aziza akacheka. "Yupo, kule chini kwenye kachumba. Lakini watu wote wanamruka, bibi. Ukiingia kwake anaongea mpaka unasinzia, na silaha hana ya kukupa."

"Mpeleke mtoto kwa mama yake."

"Bibi, tutachelewa, walinzi wata..."

"Aziza."

Akiitwa hivyo, binti yule huwa hajibu tena. Wakarudi, wakashuka mitaa yote ile, wakaingia kachumbani. Mama mtu mzima kainamia cherehani. Aziza akasoma: hapa Zuhura anaweza kuomba maji, au kuomba kujificha, au kusema, "Mama, nitazame nilivyo."

"Hiyo ya mwisho. Ibonyeze."

Yule mama alianza kuongea, na kweli aliongea. Habari za utotoni, habari za baba mtu, habari za kijiko kilichopotea. Aziza anatafsiri mpaka ulimi umekauka. Bi Mwanaharusi yeye anaitikia, "Ee. Kweli, mwenzangu. Usiseme." Mwisho yule mama akaweka kiganja juu ya magoti ya chuma ya mwanawe, akasema: "Haya sikuyazaa mimi. Lakini aliyesimama juu yake nimemzaa mimi. Nenda, radhi yangu unayo."

Na ule moyo pembeni, uliokuwa unafifia, ukawaka pwaa!

Aziza akaruka mpaka pedi, kile kidude cha kubonyezea gemu, ikamponyoka. Kesho yake habari zimefika kwa Javed, jioni baraza la Taufiki halina pa kutia mguu. Chuma wamekaa kulia, Nyama wamekaa kushoto, Bi Mwanaharusi kakaa katikati kama hakimu, na sheria yake ni moja: hakuna chuma kinachovaliwa kabla Zuhura hajakwenda kwa mama yake. Cha mkono, mama kakubali. Cha kifua, kakubali. Walipofika kwenye macho ya kioo, yanayoona gizani, mama akakataa.

"Kwa macho hayo," alisema, "kampuni nayo itatazama. Hapana."

Vijana wakapiga kelele. Mnarani giza tupu! Bila macho hapandi mtu!

"Mama yake kakataa," akasema Bi Mwanaharusi. "Mnataka nimfanyeje mama wa watu?"

"Bibi, ni picha tu hiyo!" Javed akamwambia.

"Picha ndiyo, lakini vidole vinavyobonyeza ni vyenu."

Haya basi. Zuhura akaingia mnarani na macho yake ya kuzaliwa. Aziza kacheza vizuri, tumsifu, kapanda ngazi kwa kupapasa, moyo wa pembeni unawaka. Mpaka mlango wa juu kabisa. Pale hakuna kuona kitu. Kuna nyaya tu, lazima zifungwe moja moja kwa kubonyeza haraka kwa mpango, na pedi inatetemeka kidogo mkononi kukuonyesha waya ulipo. Aziza kajaribu, kakosa. Kajaribu, kakosa. Mikono yake inalowa jasho, na walinzi wanasikika wanapanda.

"Lete hapa," Bi akasema.

"Bibi, wewe hujawahi..."

"Nimefunga mbegu za mwani kwenye kamba miaka yangu yote, maji yamechafuka sioni hata kiwiko changu. Lete, mwanangu."

Akaichukua pedi, akafumba macho kabisa! Vidole vikaanza. Ta, ta-ta, ta. Jirani kaacha kukuna nazi. Ta-ta, ta. Waya huu, waya ule. Mlango ukafunguka, mwanga ukamwagika kiooni, na wale watu waliofungwa wakatoka mmoja mmoja, na Zuhura akawaita kila mtu kwa jina lake. Kila mtu! Moyo unawaka kama jua la asubuhi.

Jamani, kelele za siku ile! Chuma wakawakumbatia Nyama. Javed kavua miwani anafuta machozi kwa shati. Vigelegele vikaanzia kwa jirani vikaenda mpaka barabarani, wapita njia wanauliza nani kaoa.

"Sasa tuambie, bibi," Javed akasema, "wewe ni Chuma au Nyama?"

"We Javed, hiyo miwani ulizaliwa nayo?"

"Hapana, bibi."

"Na baba yako Abdulrasul, meno yake usiku yanalala wapi?"

"Kwenye glasi," Javed akasema, na watu wakaangua kicheko.

"Na bado ni Abdulrasul, tena mbishi vile vile. Chuma hakina kosa. Ila mtu mwili ni wake, aulizwe. Usimfanye kama meza, unatoa mguu huu unapigilia ule."

Maneno yalikuwa yametoka mdomoni mwake, na sasa ndipo yeye mwenyewe anayasikia. Akageuza shingo, akalitazama lile begi pembeni ya mlango.

Na mlangoni pale kasimama Taufiki, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Kasikia yote. Seremala kuambiwa habari ya meza, atakosa kuelewa? Watu wakaanza kuaga bila kufukuzwa. Walipokwisha kuondoka, akaja akakaa chini, miguuni kwa mama yake.

"Mama, nimekukosea. Sikukuuliza."

"Hukuniuliza."

"Sasa nakuuliza. Unataka?"

"Litauma?"

"Litauma. Na daktari kasema huenda kupiga magoti usiweze tena, utaswali kitini."

"Hata sasa naswali kitini." Akalipapasa lile goti kama unavyompapasa mnyama mzee. "Nalitaka, Taufiki. Nataka kwenda kwangu. Lakini mama yangu hayupo, wazee wangu wamekwisha, kabaki dada Kijakazi. Yeye ndiye aliyenibeba utotoni. Nipeleke nikaombe radhi kwake."

Wakavuka kwenda Chole, Bi Mwanaharusi kabebwa kutoka mashuani mpaka uani kwa dada yake. Bi Kijakazi uzee umemkunja, lakini ulimi haujakunjwa na kitu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kubebwa kama bibi harusi?"

"Nimekuja kutaka radhi. Nawekwa goti la chuma."

"Radhi ya goti!" Bi Kijakazi akasema. "Ulipoolewa na yule mume wako mkoromaji hukuja kuniuliza, leo unaniuliza goti?"

Walicheka wale wawili mpaka wakashikana. Halafu Bi Kijakazi akaweka viganja vyake juu ya lile goti lililovimba, akasoma aliyoyasoma, akalitemea mate kidogo, pu, kama mama zao walivyokuwa wakifanya.

"Goti hili nililiosha mimi ulipoanguka mtoto. Likitoka, litoke kwa salama. Na hilo jipya, kuanzia leo na lenyewe ni mdogo wangu. Nenda."

Akaenda. Safari hii begi kalifunga mwenyewe.

Aliumwa, nisiwadanganye. Alijifunza kutembea upya kama mtoto, anamtukana muuguzi asubuhi, anamwombea dua jioni. Miezi ikapita. Siku aliyorudi Chole maji yalikuwa yametoka, mashua ikakwama mbali na pwani, vijana wakarukia majini kuja kumbeba.

"Aniguse mtu muone," akawaambia.

Akakunja kanga, akashika bega la Aziza, akashuka. Maji ya vifundoni, matope, majani ya bahari. Hatua. Hatua. Katikati akaliacha bega la Aziza. Wanawake waliokuwa mashambani mwao wakainuka kutoka kwenye kamba zao, mmoja akapiga kigelegele, wote wakafuata, na Bi Mwanaharusi anapita katikati yao kidevu juu, anakagua mashamba ya wenzake huku anawasuta, "Huu nao ni mwani au nywele za paka?" Taufiki nyuma kabeba begi, analia wazi wazi wala hajifichi.

Uani kwa Bi Kijakazi chakula kilikuwa tayari zamani, lakini watu kukaa hawakai. Huyu anataka kuliona goti, yule kaja na papai, Javed kasahau viatu mashuani, Aziza anamwagia watu maji ya kunawa, Bi Kijakazi anainuka kila mara, mara chumvi, mara ndimu. Bi Mwanaharusi kawekewa kigoda kirefu, maana daktari kamkataza kukaa chini, anawatazama tu.

"Jamani, pweza anapoa!" akasema. "Kaeni!"

Wakakaa. Wote, mpaka Bi Kijakazi. Sinia la wali likasukumwa katikati, wakasema bismillahi, mikono ikaingia.