Diski Mbili za Bei Chee

Mtaani walimwita Bei Chee, na jina hilo alilipokea kama cheo. Alikuwa mtu wa kuzunguka maduka matano akitafuta betri ya saa, kisha akaishia kununua iliyokwisha kutumika. Kwa hiyo alipoamua kuweka seva nyumbani, ili filamu na muziki wa familia nzima vikae kwenye mashine moja na kila chumba kivute kutoka hapo, hakuna aliyetarajia aingie duka la vitu vipya. Alikwenda kwa fundi wa kompyuta, nyuma ya kinyozi.

Na tuseme haki, mashine aliichagua vizuri. Ilikuwa kompyuta ndogo iliyotolewa na ofisi fulani, nene kiasi cha kamusi, haipigi kelele, na inakula umeme kidogo kuliko taa ya uani. Kwa kurusha filamu kwenye televisheni tatu ilitosha na kubaki. Kasheshe ilikuwa kwenye diski.

Fundi alikuwa nazo mbili kuukuu, alizochomoa kwenye mtambo wa kamera za ulinzi, zimezunguka miaka mitano bila kupumzika. Alimshauri mteja wake anunue moja mpya. Bei Chee akacheka. Basi chukua zote mbili, fundi akamwambia, lakini kila kitu kiandikwe kwenye zote, moja ikifa nyingine ibaki nacho. Bei Chee akaona hapo anapoteza nusu ya nafasi. Akataka ziungwe ziwe kama diski moja kubwa.

"Ukiziunga hivyo, moja ikifa umepoteza vyote," fundi akasema. "Kuna kitu cha maana unaweka humo?"

"Sinema tu."

Alisema uongo huku mkono wake umeshika simu ya mama yake mfukoni.

Mama huyo alipofuka miaka minne iliyopita. Binti yake, dada wa Bei Chee, alikuwa akifanya kazi mbali, na kila Jumapili alimtumia mama ujumbe wa sauti, mpaka ajali ikamchukua. Sauti hizo zilibaki kwenye simu ile. Mama alilala nayo chini ya mto, na kila asubuhi alifunga mlango, akaiweka sikioni, akasikiliza moja tu. Hakutaka kuzimaliza haraka. Nyumba nzima ilijua. Bei Chee naye alijua, ila yeye alichoona ni simu nzuri, kioo kizima, inafanya kazi ya redio.

Aliichukua mama akiwa bafuni. Hakujiona mwenye roho mbaya hata kidogo, maana alikusudia kuzihamishia sauti kwenye seva, mama azisikie kwa spika kubwa, kama mtu. Alizihamisha palepale mezani kwa fundi, bila kusikiliza hata moja, kisha simu akamwachia fundi iwe malipo ya diski ya pili.

Mama alipoambiwa aliuliza spika itakuwa tayari lini. Keshokutwa, mwanawe akasema, amalize kwanza kuingiza filamu. Keshokutwa yake diski moja ikaanza kugonga ndani kwa ndani, tak, tak, na kufika mchana vyote vilikuwa vimekwenda. Alikimbilia kwa fundi. Simu ilishafutwa na kuuzwa kwa mpita njia.

Alimwambia mama mtandao unasumbua. Wiki tatu nzima mama aliamka, akaoga, akavaa, akakaa kwenye kiti karibu na spika na kuuliza kama mtandao umerudi. Ukweli ulikuwa bure, na ndicho kitu cha kwanza cha bure ambacho Bei Chee aliwahi kukikataa. Badala yake alimgeukia mkewe, ambaye sauti yake watu walikuwa wakiichanganya na ya marehemu kwenye simu. Mke alikataa, akalia, akakataa tena, mwisho akasoma alichoandikiwa.

Asubuhi iliyofuata spika ikasema, "Mama, hujambo? Mimi mzima. Usisahau dawa zako, mama."

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaomba irudiwe. Bei Chee akashusha pumzi.

"Mkeo ana sauti nzuri," mama akasema. "Mwambie simlaumu."

Bei Chee akaanza habari za mtandao. Mama akamkatiza, bila kupandisha sauti.

"Tangu macho yangu yaende, dada yako hakuniita mama kwenye simu hata siku moja. Aliniita mwanangu. Mwanangu umekula, mwanangu umeoga. Alikuwa akinitania, tunacheka. Ziko mia na tatu, zote zinaanza hivyo. Ungesikiliza hata moja, ungejua."

Mama akapapasa ukuta, akaufuata waya kwa vidole mpaka kwenye soketi, akauchomoa.

"Inakula umeme bure," akasema. "Kaiuze."

Na aliiuza, siku ileile. Fundi alimtajia bei ndogo, naye akakaa pale kwenye benchi la kinyozi saa nzima, macho mekundu, akibishana aongezewe.