Karani wa Sura ya Sita

"Kitabu kitatoka na majina mawili!" Ambrose Tuckwell aliwatangazia wenzake mkahawani, London, kifua mbele kama jogoo. "La mzee na langu. Bila mimi mzee yule hasomeki!"

Hapo kwenye kusomeka hakudanganya. Bwana Silas Penhallow, mwanafalsafa aliyefundisha kwamba jambo jema ni lile linalowapa watu wengi furaha nyingi, alikuwa na mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino. Miaka tisa Ambrose, karani wake, aliufumbua mwandiko huo, na mzee akichoka, aliandika mwenyewe. Sura ya sita ilikuwa yake yote, mpaka nukta ya mwisho. Naye mzee alimwahidi kwamba jina lake litachapwa ukurasa wa kwanza, chini kidogo ya la kwake.

Jumatatu asubuhi Skerritt, mchukuzi wa kiwanda cha uchapaji, alishusha mzigo wa nakala chumbani kwa mzee. Ambrose akachomoa moja. SILAS PENHALLOW. Akapekua mbele, akapekua nyuma. Akaigeuza juu chini, labda jina limejificha.

"Bwana, mimi niko wapi?"

"Uko hapo mbele yangu," mzee alisema, akitafuna biskuti ya tangawizi. "Kaa tupige hesabu. Wasomaji elfu tatu wataziamini hoja za mtu mmoja mashuhuri. Wakiona na karani yumo, watasita, na sheria mbovu zitabaki vilevile. Upande wa pili kuna maumivu ya mtu mmoja. Ungekuwa wewe ungeamuaje?"

"Lakini uliniahidi!"

"Nilikuahidi, ndiyo. Hebu fungua sura ya sita."

Hakuhitaji kufungua. Sentensi ile alihangaika nayo wiki mbili, na ilipokaa sawa aliisoma kwa sauti mbele ya kioo, akajipigia makofi: ahadi inayozuia furaha ya wengi haina haki ya kutimizwa.

"Umeiandika vizuri mno," mzee alisema, tena kwa upole wa kweli, na upole huo ndio uliomchoma Ambrose hadi mfupani. "Mimi nilikuwa bado nasitasita. Wewe ndiye uliyenishawishi."

Mchana wenzake walikuwa wanamngoja mkahawani.

"Haya, mheshimiwa mwandishi!" Gorringe alimpokea kwa kicheko. "Lete hilo jina tulione!"

"Nimelikataa mwenyewe!" Ambrose alipiga meza, vikombe vikaruka. "Nimemwambia, mzee, wewe ni mwizi mwenye miwani! Nikamtupia kitabu chake miguuni, nikaubamiza mlango hadi madirisha yakalia. Pale sikanyagi tena!"

"Madirisha gani hayo, kaka?"

Sauti ilitoka meza ya nyuma. Skerritt alikuwa amekaa pale, anapuliza kahawa yake.

"Si nilikuwa mlemle ndani nakata kamba za mzigo? Wewe ulisema, 'Naam, bwana.' Halafu ukamuuliza kesho uje saa ngapi."