Plasta Ikiwa Mbichi

Mtaa wetu unaitwa Usini, yaani mtoni, na nyumba zake za zamani zote zilijengwa zikiutazama mto. Wageni hawatuelewi. Wakisimama barabarani wanachoona ni migongo yetu: vyoo, kamba za nguo na milango ya mabati iliyotobolewa juzijuzi. Wanadhani waliojenga hapa hawakuwa na akili. Lakini nyumba ndizo zilizotangulia, barabara ikafuata. Wakati huo barabara ilikuwa mto wenyewe. Unashuka kutoka vilima vya Nunguni, na sehemu kubwa ya mwaka maji yake hulala chini ya mchanga. Juu ya mchanga huo ndipo watu walipita na punda wao kwenda soko la Matiliku. Mchanga ulimeza sauti ya kwato, hata ukikaa barazani ulishtukia tu mgeni yuko mbele yako, kama mtu wa ndotoni.

Lami ilipokuja ilipita nyuma yetu. Tukatoboa milango upande huo, na mimi Mbithe nilikuwa wa kwanza, maana chai haiuziwi mchanga. Nyumba moja tu ilikataa kugeuka. Ni ya marehemu mzee Mulei.

Mzee huyo alikuwa kibarua wa reli katika ujana wake, na ufundi aliuiba kwa macho kwenye stesheni. Ndiyo maana nyumba yake ina baraza pana lenye nguzo za mbao, na ukingo wa paa umepambwa kwa mbao zilizokatwa meno meno, utadhani treni itasimama hapo wakati wowote. Juu ya mlango wa mtoni alitia vioo vinne, chekundu, cha kijani, cha manjano na cha buluu. Jua likianza kushuka ng'ambo ya mto, rangi hizo huingia sebuleni na kutembea sakafuni polepole, zikapanda miguu ya viti, zikafika ukuta wa ndani na kuzimika. Tulipokuwa watoto tulilala chini kwa mstari, tukingoja nyekundu itufikie usoni. Hata leo nikipandwa na hasira, na mimi hasira ninazo, huenda kwa Kalunde saa hiyo nikakaa bila kusema neno mpaka nipoe.

Kalunde ni binti wa mzee, na ni rafiki yangu tangu tulipokuwa na mapengo ya meno. Aliolewa mbali, ndoa ikamshinda, akarudi na mtoto mgongoni. Tangu hapo yeye ndiye aliyekaa katika nyumba hiyo, akauguza wazazi wake wawili mpaka wakazikwa.

Kando ya mlango wa mtoni, kwa ndani, kuna alama za mikono mitatu midogo. Siku ukuta ulipopigwa plasta kwa mchanga wa mto, mzee aliwaita watoto wake mmoja mmoja, akawashika mikono na kuibonyeza pale plasta ikiwa mbichi. Kulikuwa na Kitonga, Muindi na Kalunde. Kitonga na Muindi wametangulia mbele ya haki, lakini vidole vyao vingali pale. Kitinda mimba, Nzomo, alizaliwa nyumba ikiwa imeshapakwa chokaa. Basi Usini nzima ikamtania. Akililia kipande cha nyama, aliambiwa, "Wewe ulikuja plasta ikiwa imekauka." Maneno hayo yakageuka msemo wa mtaa mzima. Mtu akichelewa harusi, amekuja plasta ikiwa imekauka. Hata mchungaji huwaambia hivyo wanaoingia kanisani wakati wa sadaka. Sisi hucheka, na Nzomo akiwepo hucheka kutushinda sote.

Mzee Mulei aliacha neno moja kabla ya kufa. Alisema nyumba hii haitavunjwa na mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe aliyeijenga.

Sasa Nzomo amestaafu, ana wajukuu, na amerudi nyumbani na ghorofa kichwani. Ghorofa lenyewe halikuwa na hata mchoro, lakini kibao chake kilikuwa tayari kimeandikwa kwa rangi nyekundu, NZOMO PLAZA, akakiegemeza kwenye nguzo ya baraza. Dada yake aliahidiwa chumba cha juu kabisa, kinachotazama lami. Kalunde akachukua ufagio. Yeye akiumizwa hufagia. Wiki hiyo alilifagia lile baraza mpaka nikaogopa ataimaliza simiti.

Lililobaki njiani lilikuwa lile neno la mzee. Sisi ni watu wa kanisa na Jumapili hakuna anayeamini laana. Hata hivyo, Nzomo alizunguka kutafuta fundi wa kupiga nyundo ya kwanza na kila aliyemuuliza alikuwa na mgongo unaouma. Sijawahi kuona ugonjwa wa mgongo ukiambukiza namna ile.

Ndipo akapata wazo. Mtoto wa Kalunde anaitwa Mulei, jina la babu yake. Na kwetu aliyepewa jina la mtu ndiye mtu huyo. Kalunde hajawahi kumwita mwanawe kwa jina. Tangu akinyonya humwita Nau, yaani baba yangu, na akimpa chakula humpa kama anayempa baba. Kwa hiyo, akasema Nzomo, mzee yuko hai, yuko Kitui, anapiga tailisi, vigae vya sakafu. Aje avunje mwenyewe. Niliuchukia mpango huo, na nilichukia zaidi kwamba ulikuwa na akili.

Nzomo alimpigia simu kijana na kumwahidi tailisi za ghorofa zote, kuanzia ngazi hadi bafu. Mulei ana watoto watatu, na kazi siku hizi huja kwa manyunyu. Akakubali.

Alifika Ijumaa mchana, mkoba wa vyombo begani. Tulikunywa chai, kisha akavua viatu na kujilaza sakafuni, mikono nyuma ya kichwa, kama alivyokuwa akifanya utotoni. Mabati yalikuwa yakipoa na kugonga kidogo kidogo, na upepo uliingia ukiwa na ile harufu ya mchanga uliolala juu ya maji. Rangi zikaingia, kijani ikapita juu ya mdomo wake, nyekundu ikatulia kwenye paji la uso. Kwa kitambo niliona kabisa kwamba mzee yuko nasi chumbani. Sikuogopa. Nilijikuta tu narekebisha leso yangu nikae kwa adabu.

Mulei alipoinuka alikwenda ukutani, akaweka kiganja chake juu ya mikono ile midogo, mmoja baada ya mwingine. Kisha akapapasa mahali palipo patupu.

"Anti Mbithe, ya anko Nzomo iko wapi?"

Nikacheka nikamwambia kile tunachosema siku zote, kwamba huyo alikuja plasta ikiwa imekauka. Mulei hakucheka. Alibaki akipapasa pale patupu.

Jikoni nilimkalia Kalunde kooni. Nilimwambia azungumze na mwanawe, kwamba kesho nyumba itakuwa vumbi naye atabaki akifagia hewa. Akaendelea kuchagua mahindi ya kukoboa ya muthokoi kwenye ungo. Alinijibu kwamba mzazi hamwombi mtoto wake pa kulala, kwamba kufanya hivyo ni kumtwika mtoto mzigo usio wake. Nilitoka nimekasirika mpaka nikasahau viatu vyangu mlangoni.

Jumamosi asubuhi watu walikusanyika. Walisimama mchangani chini ya baraza, pale palipokuwa pakisimama punda zamani, na mchungaji akaja na Biblia yake. Nzomo alivaa koti. Akamsimamisha mpwa wake kwenye ngazi, akamwekea mkono begani na kututangazia.

"Huyu mnaona si mtoto wa dada yangu. Huyu ni baba yetu, Mulei. Alisema atakuja mwenyewe, na leo amekuja."

Baadhi wakaitikia amina. Wengine walitazama miguu yao. Nzomo akatoa nyundo kubwa na kumkabidhi kwa mikono miwili, kama mtoto mwenye adabu anavyompa mzee wake kitu.

Kalunde alikuwa mlangoni na ufagio wake. Aliutazama uso wa mdogo wake, akautazama wa mwanawe, kisha akauegemeza ufagio ukutani. Yeye hangeweza kumwomba mtoto wake. Lakini sasa alikuwa ameambiwa mbele ya kanisa na mtaa kwamba aliyesimama pale ni baba yake.

"Nau," akasema, "mimi nitalala wapi?"

Sauti ile ilikuwa ya msichana wa mapengo niliyecheza naye mtoni, na sikuwa nimeisikia tangu siku ile aliporudi na mtoto mgongoni. Nililia, wala sioni haya kusema.

Mulei aliuinamisha uso. Kisha akampita mama yake taratibu, akaingia ndani na nyundo, nasi tukasongamana mlangoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile mikono midogo. Akainua nyundo, akapiga.

Alipiga mara moja, kando tu ya mikono, pale palipokuwa patupu. Kipande cha plasta chenye ukubwa wa kifuniko cha sufuria kikaanguka na vumbi likajaa chumbani. Kalunde alitoa mguno kama aliyepigwa yeye. Nzomo akasema amina, na safari hii alikuwa peke yake.

Mulei akalaza nyundo sakafuni. Akachukua karai, akatupita tena bila kumtazama mtu, akashuka ngazi hadi katikati ya mto. Tulimwona akipiga magoti na kuchimba kwa mikono mpaka akafikia mchanga wenye maji. Aliporudi, karai likidondosha maji barazani, alifungua mkoba wake, akatoa mwiko na simiti kidogo aliyokuwa nayo. Akachanganya palepale chini. Alijaza lile pengo na kulipapasa kwa mwiko, taratibu, namna mtu anavyompakia mtoto siagi kwenye mkate.

"Nzomo," akasema bila kugeuka. "Kuja hapa."

Hakusema anko. Mtu mwenye wajukuu ameitwa kwa jina tupu na mtoto wa dada yake, mbele ya mchungaji. Nzomo alifungua mdomo amkaripie. Lakini mchimba shimo huingia mwenyewe, na ni yeye aliyetuambia huyu ni nani. Akaufunga mdomo, akaenda.

"Plasta bado ni mbichi, mwanangu. Lete mkono."

Nilingoja mtu acheke. Usini nzima ilikuwa mlangoni pale na hakuna aliyecheka. Nzomo aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mulei akaushika kifundoni, akaubonyeza ukutani na kuushikilia muda mrefu. Alipouachia, mkono mkubwa wa Nzomo ulibaki pale pembeni ya mikono mitatu ya watoto. Ulionekana kama wa baba aliyekuja kuwachukua wanawe shuleni.

Mulei akaokota nyundo, akamwelekezea mjomba wake mpini.

"Mimi nimemaliza. Nyumba ni yenu, wewe na Kalunde. Mkitaka kuvunja, vunjeni."

Nzomo aliipokea kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia aliushikilia hewani, simiti ikimkaukia vidoleni. Tulidhani atasema jambo kubwa.

"Itakauka lini?" akauliza.

"Kesho. Isiguswe, na kuku wasiingie."

Watu walitawanyika. Mchungaji hakujua afunge kwa sala gani, akaombea chakula. Nilirudi kwenye biashara yangu, na siku hiyo kila mteja aliyeketi alikigeuza kiti kuelekea mtoni, ingawa kutoka kwangu mto hauonekani tena.

Alasiri nilikwenda kumwona Kalunde. Mulei alikuwa ameshaondoka kurudi Kitui na mkoba wake, bila ahadi ya tailisi hata moja, na mama yake alikuwa jikoni akikoroga muthokoi na kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Kile kibao nilikikuta kimelazwa kifudifudi barazani. Sebuleni, Nzomo alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na ukuta, koti amevua, nyundo iko chini ya kigoda. Hakuwa amenawa mkono. Rangi ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia, zimemfikia miguuni, naye amezikunjia vidole kama mtoto anayetekenywa.

Kuku mmoja akachungulia mlangoni. Nzomo akampungia mkono taratibu mpaka akaenda zake.

Nikamuuliza kama atakuja kwangu kunywa chai. Akanijibu kwa kunong'ona kwamba nimletee hapohapo, yeye hawezi kutoka, plasta bado ni mbichi.