Pigo la Nane

Redio kaseti ya Mwalimu Novatus ilirudi dukani kwa mara ya pili siku ya Jumatatu, imeviringishwa kwenye kitenge kama mtoto anayepelekwa kliniki. Mwalimu aliiweka juu ya meza ya ufundi, akaifungua taratibu, akarudi nyuma hatua moja.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Fathiya.

"Marahaba. Bado inachechemea."

Upande wa pili wa duka, Sabiti aliacha kupanga makava ya simu. Neno hilo alikuwa akilingoja.

Duka lilikuwa la baba yao, Abdulkadiri, ambaye babu yake alifika Biharamulo kutoka Pangani na marobota ya nguo, akaoa, akabaki. Kwa miaka arobaini Abdulkadiri alikaa kwenye meza hiyo akitengeneza redio, na watu walimjia kutoka Nyarubungo hadi ng'ambo ya Ngara. Mwezi wa nne macho yalimshinda. Daktari wa Mwanza alimwambia ataendelea kuona watu, lakini nyaya nyembamba azisahau. Sabiti, mtoto wake mkubwa, alitaka meza itolewe, nafasi yake ijazwe makava na chaja. Fathiya, ambaye alikaa kando ya meza hiyo tangu darasa la tano na alikuwa na cheti cha chuo cha ufundi, VETA, alitaka ibaki. Baba aliamua kwa sheria aliyoishi nayo mwenyewe: Fathiya apewe miezi mitatu, lakini kitu kimoja tu kikirudishwa na mteja mara tatu, meza itoke. Fundi anayerudishiwa kitu mara tatu, alisema, amebaki na bisibisi tu, jina hana.

Miezi mitatu ilikuwa inaisha Jumamosi.

"Inachechemea vipi, Mwalimu?"

Novatus alikuwa na miaka sabini na mmoja, na alikuwa amewafundisha hesabu nusu ya watu wa kazi za kalamu katika wilaya ya Ngara. Aliinua kidole. "Inahesabu moja, mbili, tatu, nne, moja, mbili, tatu, kisha inalimeza la nne. Kila mzunguko. Mapigo manane, moja linaliwa. Nimehesabu kwa saa."

"Wimbo wote?"

"Wimbo wote, na katikati inameza hata zaidi. Ulipobadilisha ule mpira wa mota, nilidhani tumepona. Wapi!"

Mashine ile, na kaseti moja iliyokuwa ndani yake, Mwalimu aliachiwa na Mwingereza aliyepanga chumba kwake Kasulo mwaka 1994, wakati vilima vya Benako vilipojaa wakimbizi kutoka Rwanda. Alikuwa mhandisi wa maji. Jioni alivaa visikilizi masikioni, akafumba macho, akatikisa kichwa. Alipoondoka aliacha vyote viwili. Betri zikavuja, mashine ikafa, ikakaa juu ya kabati karibu miaka thelathini mpaka Fathiya alipoifufua.

"Nilidhani anasali," Novatus alisema. "Kwenye kaseti ameandika Canterbury. Kule ndiko kwa askofu mkuu wa Waanglikana. Nikasema, hizi ni nyimbo zao za kanisa. Nilipozisikia, nikaelewa kwa nini sisi Wakatoliki tuliachana nao."

Fathiya alicheka, lakini mikono yake ilikwisha kuanza kazi. Aliitoa kaseti ya Mwingereza, akatia ya kwaya. Kwaya ikaimba sawasawa, hakuna kilichomezwa. Kisha akachukua redio kaseti ya Luhende wa Nyantakara, iliyokuwa rafuni ikisubiri antena mpya, akatia humo kaseti ya Mwingereza. Moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili, tatu.

"Unaona, Mwalimu? Mashine ni nzima."

"Basi kaseti ndiyo mbovu. Imevutika."

"Kaseti ikivutika sauti inalegea, inashuka kama mtu mwenye usingizi. Sikiliza. Sauti imesimama."

"Kwa hiyo unasema walikosea wapigaji? Wazungu wanne ninaowasikia humo, wote?"

"Watu wanne hawakosei pamoja, mahali pale pale, mara mia. Walikusudia."

Mwalimu alimtazama kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyeandika jibu bila kuonyesha njia. "Binti, Mwingereza yule hakuwa mtu wa mchezo. Kisima alichochimba nyuma ya shule kinatoa maji mpaka leo. Mtu wa vipimo namna ile hawezi kupenda wimbo kilema. Alhamisi sitoki, tunapura maharage. Ukiwa tayari, ilete uisikilize mwenyewe uani kwangu. Ikichechemea, Jumamosi nairudisha hapa."

Alipotoka, Sabiti alifuta vumbi kwenye kava moja ambalo halikuwa na vumbi. "Jumamosi nitamwita seremala aje aing'oe hiyo meza. Hata hivyo inayumba."

Ilikuwa kweli. Chini ya mguu mmoja wa meza kulikuwa na kipande cha kadibodi.

"Jumamosi bado," alisema Fathiya.

Alasiri alirudi kwenye kaseti kwa njia ya kifundi: karatasi, kalamu, mstari mmoja kwa kila pigo. Wimbo wa kwanza ulikwenda kwa saba kuanzia mwanzo. Katikati ulihamia tano, ukakaa huko kwa muda, ukarudi saba bila kuaga. Aliurudisha nyuma, akahesabu upya, akapata yale yale. Simu ilimweleza yaliyobaki: miaka ya sitini na sabini, vijana wa mji ule wa kanisa kuu pamoja na wenzao walichanganya roki na jazi, wakatia na utani.

Jumanne kalamu ilikaa pembeni. Kulikuwa na kinanda kilichonguruma kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo la maziwa, kisha ghafla kikanyooka na kuwa laini. Mpiga ngoma hakutwanga. Vijiti vyake vilitembea juu ya matoazi kana kwamba vinatafuta kitu kilichodondoka. Filimbi ilipita juu ya wote bila haraka. Na mwimbaji hakupaza sauti hata mara moja. Aliimba kama mtendaji wa kijiji anayesoma mahudhurio. Alichokuwa anaimba Fathiya alikisikiliza mara tatu, asije akadanganywa na Kiingereza cha kidato cha nne. Hakudanganywa. Mtu alikuwa anaomba radhi kwa birika la chai, kwa kuwa aliliacha jikoni peke yake akaenda kumsindikiza konokono kwenye treni.

Kufikia Jumatano alijua kwamba anaupenda, na alijua sababu. Upuuzi ule ulikuwa umejengwa kwa vipimo. Watu wale walifanya jambo gumu na hawakukunja uso kuonyesha kwamba ni gumu. Waliokuwa na haja ya kujua wangehesabu. Ulikuwa kama redio za zamani alizozikuta kwa baba yake: mbele kitambaa cha maua, nyuma kila waya mahali pake.

Shida ilikuwa moja. Alikuwa na uhakika, na uhakika wake usingemtoshea Mwalimu. Mwalimu alikwisha kuhesabu saba mwenyewe. Alikataa tu kwamba saba imekamilika.

Alhamisi saa sita aliteremka kwenye basi Benako na redio begani, akafika Kasulo jua likiwa kali, jua zuri la kupura. Uani palikuwa pametandazwa turubai, juu yake maharage makavu na maganda yake, na wanawake wanane wenye fimbo wamesimama safu mbili, wanne kwa wanne wakitazamana. Mke wa Mwalimu, Esperansia, alikuwa wa kwanza kwenye safu ya kulia. Fimbo hazikuanguka pamoja. Ziliteremka moja baada ya nyingine, safu ya kulia hadi mwisho, kisha ya kushoto, na ya Esperansia ikapiga kwa nguvu kuliko zote ili kila mtu ajue mzunguko umeanza.

"Karibu, fundi!" Esperansia aliita bila kuacha. "Uji uko kivulini. Mwalimu naye yuko kivulini."

"Ninasimamia," alisema Novatus kutoka kwenye kiti chake.

"Anasimamia akiwa amekaa," wakasema wanawake, wakacheka, fimbo zikiendelea.

Fathiya aliweka redio juu ya kinu kilichopinduliwa, akakaa na bakuli la uji wa mtama. Alihesabu bila kukusudia. Nane. Nane. Nane. Kisha ndani ya nyumba mtoto akalia. Irakoze, mkwe wa nyumba hiyo, wa tatu kwenye safu ya kushoto, aliweka fimbo chini akaenda kumnyonyesha.

Fathiya alisubiri pengo. Halikuja. Fimbo ya aliyefuata ilishuka mara moja mahali pa Irakoze, na ile ya Esperansia ikawahi kwa kiasi hicho hicho. Alihesabu tena kwa vidole, polepole, kisha akaweka bakuli chini na kubonyeza kitufe.

Mwanzoni wimbo na fimbo vilikwenda kila kimoja na njia yake. Esperansia aligeuza shingo, akasikiliza, akaharakisha mkono kidogo tu, na wenzake wakamfuata kama walivyozoea kumfuata. Mzunguko wa tatu pigo lake liliangukia juu ya pigo la kinanda. La nne pia. La tano pia. Maganda yalipasuka, maharage yakaruka, na Wazungu wanne wa Canterbury wakapura pamoja nao.

Novatus aliinuka kwenye kiti.

"Mwalimu," alisema Fathiya, "wako wangapi?"

"Nane. Hapana, Irakoze ametoka. Saba."

"Na pengo lake liko wapi?"

"Pengo gani?" Esperansia alidakia, fimbo ikiwa hewani. "Mtu akitoka tunafunga! Ukiacha pengo hapa utavunjwa kidole."

Mwalimu aliinua mkono wa kulia akakunja vidole vinne, akainua wa kushoto akakunja vitatu. Alirudia. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alirudia mara ya tatu, na safari hii kichwa kilikuwa kinatikisika, taratibu, kama cha mtu mwenye visikilizi.

"Kumbe," alisema mwishowe, "nilikuwa namsubiri mtu ambaye hakualikwa."

Fimbo zilipotulia, Esperansia alifuta jasho akauliza, "Na huyo anaimba nini kwa huzuni namna hiyo?"

"Anaomba radhi kwa birika."

"Kwani alilifanya nini?"

"Aliliacha peke yake, akaenda kumsindikiza konokono kupanda treni."

Kicheko kilizunguka uani. "Mzungu wetu yule?" alisema Esperansia. "Sishangai. Alikuwa akizungumza na pampu. Nilimsikia kwa masikio yangu, anaiambia pole."

"Na ikatoa maji," alisema Novatus. Aliomba stakabadhi ya duka, akachomoa kalamu nyekundu mfukoni, akaandika akiwa amesimama.

Jumamosi asubuhi Fathiya aliiweka stakabadhi mbele ya kaka yake, juu ya makava. Sabiti aliisoma mara mbili. *Mashine ni nzima tangu ilipotengenezwa. Aliyekosea hesabu ni mimi. Novatus, mwalimu wa hisabati.*

"Kwa hiyo haikuwa na tatizo lolote," alisema.

"Nilisema Jumatatu."

Sabiti aliirudisha karatasi, akakuna shingo. "Sasa seremala nimekwisha kumwita. Yuko njiani."

"Vizuri." Fathiya alivuta taa karibu, akafungua mgongo wa redio ya Luhende. "Mwambie aje na misumari na gundi. Mguu wa meza yangu umelegea."