Kisima Si Changu

Mimi ni mwoga, na simfichi mtu. Naogopa nyoka, naogopa sindano, naogopa hata simu inayolia alfajiri. Lakini woga wa Alhamisi ile sikuwahi kuuonja, na ulianzia kwenye kopo la dawa ya lami.

Nyumba yangu iko Chukwani. Kutoka langoni mpaka barazani kuna njia ya gari niliyoitia lami, ina mteremko kidogo, na chini ya mteremko pana kisima. Nilikichimba miaka tisa iliyopita, alipofariki mama yangu, nikakitoa sadaka. Lango halifungwi mchana; mtaa mzima huja kuteka kwenye mfereji wa pampu, na kila anayekunywa, thawabu humwendea Mama kaburini. Tangu siku ya kwanza nilijizoeza kutosema "kisima changu". Ukishatoa, umetoa. Mtu akinishukuru, humjibu, "Si changu, cha Mama."

Mwaka huu lami iligeuka kijivu, ikapasuka kama kisigino kisichopakwa mafuta. Watu wa posa ya binti yangu Yusra walikuwa wanakuja Ijumaa, na mke wangu Ulfat alisema hawezi kuwapitisha wakwe pale. Basi Jumatatu nikaenda mjini, kwenye duka la Abdulwahid, anayeuza vifaa vya ujenzi, kutafuta dawa ya kuipaka. Akaniwekea makopo mawili mezani.

"Hii ya maji, hii ya mafuta," akasema. "Ya maji haing'ai sana, na baada ya miaka miwili utapaka tena. Ya mafuta inang'aa na inashika, lakini kali. Kwako una kisima?"

"Sina," nikamjibu.

Wallahi sikukusudia kudanganya. Ulimi ulishazoea, na kisima chenyewe hata hakikunipitia kichwani. Nilichokiona ni wakwe wakishuka garini na kutazama chini kwa heshima. Nikachukua ya mafuta.

"Iache ikauke siku mbili, isipate mvua," akaniusia.

Jumatano nikapaka mwenyewe kwa ufagio mgumu. Njia ikawa nyeusi, inameta, nami nikaipiga picha nikawatumia watu ambao hata hawakuniuliza. Alhamisi asubuhi Ulfat na Yusra wakaenda sokoni kwa daladala kununua vitu vya wageni. Hawajafika mbali, mvua ikashuka. Haikuwa masika wala vuli, ilikuwa mvua ya kukomoa tu, ya nusu saa. Nilisimama barazani nikayatazama maji meusi yakiteremka, na macho yangu yakayafuata mpaka chini. Yaliingia kisimani kwa kupitia ufa wa mfuniko, polepole, kama mgeni anayeijua nyumba.

Nikateka ndoo. Juu ya maji pana utando wa rangi rangi, kama dimbwi la gereji. Nikampigia Abdulwahid.

"Lakini nilikuuliza kama una kisima," akasema.

"Si changu."

"Cha nani?"

"Cha mama yangu."

"Mpe simu nizungumze naye."

"Keshafariki."

"Sheikh wangu, wasinywe hata tone. Mwambie kila mtu, sasa hivi."

Hapo ndipo nilipopaswa kutoka nikagonga mlango baada ya mlango. Sikutoka. Niliwaza kesho posa, na wakwe wakisikia mjini kwamba baba wa bibi harusi kawanywesha watu sumu. Nikamuwaza na Mama. Ikiwa thawabu za maji yale zinamfika kule alipo, na sumu je? Nikazima pampu, nikaandika kwenye kipande cha boksi: PAMPU MBOVU. Nikakitundika kwenye mfereji, nikaingia chumbani nikajifungia. Adhuhuri nilisali, sijui rakaa ngapi.

Nikawa nimejilaza, mto nimeukandamiza masikioni. Karibu na saa tisa niliuondoa, nikasikia kamba inasugua ukingo wa kisima.

Nilitoka bila viatu. Jirani yetu Bi Mwanakheir, mama wa Kitumbatu aliyekwishapita sabini na mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, alikuwa kakaa ukingoni. Mfuniko kausogeza, na anavuta ndoo mkono kwa mkono.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir. Unafanya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimesomewa kibao chako kuwa pampu mbovu. Nkasema, sadaka ya mamako haikatiki na mimi nipo. N'nawatekea watu."

"Umewatekea wangapi?"

"Nyumba kumi na moja. Kwa Msabah nimepeleka mwenyewe, mkwewe ana mtoto mchanga, hawezi kutoka."

Utando ule asingeweza kuuona, na harufu ya lami mbichi ilikuwa imejaa ua mzima, hata ya maji isitambulike. Ningesema kweli, asingeteka hata kata moja. Uongo wangu ndio uliomwita.

"Wewe umekunywa?"

"Nshakunywa kata mbili. Jua kali."

Niliishika kamba asivute tena. "Yana sumu, Bi. Nimejua tangu adhuhuri."

Hakunigombeza. Aliiachia kamba, akajigusa midomo kwa vidole viwili. "Na mtoto wa Msabah?" akauliza.

Nilikimbia. Lami ilininata nyayoni na nikaanguka langoni, nikainuka. Nyumbani kwa Msabah nilimkuta mkwewe, Tahiya, kakaa mkekani, mtoto mapajani, anatikisa chupa ya maziwa ya unga. Nikampokonya bila hodi. Maziwa yakamwagika mkekani na mtoto akaanza kulia.

"Keshanyonya?"

"Bado. Ndiyo kwanza nayakoroga. Kuna nini?"

Nyumba kumi zilibaki, na saa ile kila mtu anateleka chai. Sikuweza kuzifika zote. Msikiti ulikuwa hatua chache. Ndani, Simai muadhini alikuwa keshashika kipaza sauti, anajiandaa kuadhini alasiri. Nikamshika mkono. Aliponitazama uso, akanipisha.

Kabla ya maneno, mtaa mzima ulisikia ninavyohema.

"Msinywe maji ya kisimani," nikasema. "Yana sumu. Waliokwishakunywa waje, gari ipo, twende hospitali. Bi Mwanakheir keshakunywa."

Mlangoni, mtu mmoja mwenye ndoo mkononi akauliza, "Kisima gani?"

Neno lile sikuwa nimelitamka kwa miaka tisa. Nilihisi Mama ananisikiliza.

"Kisima changu," nikasema. "Mimi, Ismail. Sumu nimeitia mimi."