Radi Iliyompiga Wavinya

Haki ya Mungu, kila neno hapa ni kweli tupu, na asiyeamini afike mtaa wa Jericho aulize ni nyumba gani iliyoimbiwa nyimbo za maombolezo huku marehemu akiwa dukani ananunua unga.

Mzee Kiema, dereva mstaafu, alikuwa hatulii wiki nzima. Akikaa anasimama, akisimama anachungulia simu. Mjukuu wake Ndindi, mwaka wa kwanza chuoni, alikuwa ameacha kuingia darasani, na chuo kilikuwa na kompyuta ya kuwafichua watoro. Ukikosa vipindi unaandikwa rangi ya njano, mlezi anatumiwa ujumbe. Ukizidisha unaingia nyekundu. Ijumaa ikikukuta kwenye nyekundu bila sababu ya maana, nafasi yako imekwenda.

Namba ya mlezi ilikuwa ya Kiema.

"Babu, wapoze tu," Ndindi alimsihi. "Nitarudi wiki ijayo."

Hakusema kwa nini alitoroka, na Kiema hakuuliza, maana alikuwa ameshaanza kuunoa uongo.

Kwanza alimpa msichana homa ya matumbo. Kisha mafuriko yakabeba daraja huko Baba Dogo, na nje jua linawaka. Alhamisi, mwalimu Lydiah, msimamizi wa wanafunzi wapya, akapiga simu mwenyewe.

"Mzee, kesho kompyuta inafunga. Nipe sababu ninayoweza kuiandika."

"Tumefiwa, mwalimu. Mke wangu, nyanya yake Ndindi. Amepigwa na radi akikoroga uji, na uji haukumwagika hata tone."

"Poleni sana," Lydiah akasema, na Kiema akajiona ameshinda.

Alichosahau ni kwamba mtu akifiwa huendewa. Ijumaa asubuhi mlango ukagongwa: Lydiah na karibu darasa zima, mikate na sukari mikononi. Waliokosa viti wakasimama, wimbo ukaanza. Kiema akazunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutaga, sikio mlangoni. Ubeti wa pili haukuisha. Wavinya akaingia na unga wake.

"Nani amekufa?"

Lydiah akamshika mkono kwa upole. "Pole, mama. Ni mke wa mzee. Alipigwa na radi."

Wavinya akamgeukia Kiema. "Mke wa mzee ni mimi. Radi ndiyo inakuja."

Ndindi akatoka chumbani, macho chini. "Msimlaumu Babu. Mtihani wa kwanza wa hesabu nilipata tatu kwa thelathini. Niliona aibu kurudi."

"Tatu?" akauliza Zaki, kijana wa darasa lake. "Mimi nilipata mbili na bado nakaa mbele."

Chumba kizima kikacheka, hata Lydiah. "Nusu ya darasa ilianguka, Ndindi. Tumeanzisha masomo ya ziada, ndiyo maana nilikuwa nakutafuta. Nikiandika umerudi, unarudi kweli?"

"Mchana huu, mwalimu."

Lydiah akaandika kwenye simu papo hapo. Namba ya Kiema akaifuta, akaweka ya Wavinya.

"Na hawa wageni wako?" Wavinya akamuuliza mumewe. "Wamelia bure?"

Kiema akasema pensheni imechelewa. Wavinya akaupapasa mfuko wa koti la mzee, pensheni ikawa imewahi. Basi msafara wote ukashika njia ya Soko la Burma, Kiema mbele kama mshtakiwa. Muuza nyama akauliza kilo ngapi. Mzee akainua vidole viwili. Wavinya akaagiza mguu na mbavu zote. Kiema akatoa noti moja moja, akilamba kidole kila mara kana kwamba zimegandana.