Mwenye Duka Anayetembea Bure

Roba Galgalo alikuwa na duka Garsen, kando ya njia ya kuteremka kivukoni, na kwa miaka saba alikuwa ameketi ndani yake. Aliuza sukari, majani ya chai, mafuta ya taa, tumbaku na shuka. Asubuhi akitoka msikitini alimkuta mtu kizingitini, na mlango aliufunga baada ya isha. Chakula aliletewa palepale na mkewe, Sadia. Kila kitu kilikuwa karibu na mkono wake, hata haja ya kusimama hakuwa nayo.

Siku moja, mwaka wa hamsini na sita, ng'ombe wa biashara walikuwa wakiswagwa kupita katikati ya mji. Nuria, bintiye wa miaka miwili na nusu, akapenya chini ya meza ya duka akatoka kuwatazama. Roba alimwona amesimama njiani, kidole mdomoni. Akaruka, akakimbia. Hatua ya kumi pumzi ikamwishia. Ya ishirini magoti yakakataa. Akaanguka vumbini, mkono kifuani, na mtoto bado yuko mbali. Aliyemnyakua Nuria alikuwa mchungaji mmoja mwenye mvi, akamrudisha kwa baba yake bila hata kuhema.

"Hatua ishirini," Roba alimwambia Sadia jioni ile. "Mimi niliyetembea na ng'ombe wa baba kutoka Nanighi mpaka hapa."

Kesho yake akaenda zahanati. Bwana Omar, mganga wa pale, alimsikiliza kifua, akambonyeza tumbo, kisha akamuuliza siku yake inavyokwenda toka asubuhi mpaka usiku.

"Moyo wako mzima," alisema. "Ni mwili uliosahau kazi. Kwa hili sina dawa ya chupa. Tembea, upesi upesi, mpaka jasho likutoke. Na iwe kila siku."

"Nitembee saa ngapi, bwana? Nina watoto watano na duka."

"Hilo utafute mwenyewe. Dawa nimekupa, kijiko ni chako."

Roba akajaribu adhuhuri: jua likamrudisha kabla hajaupita msikiti. Akajaribu alasiri: wateja wawili wakamfuata nyuma wakimwomba arudi awapimie sukari. Baada ya kufunga duka, usingizi ulimshika hajavua hata kofia.

Sadia naye alikuwa na yake. Kichanga kilikuwa cha miezi miwili, na Nuria alikuwa bado hajakubali kwamba ziwa si lake tena. Kila alfajiri aliangua kilio, akaamsha mdogo wake, akaamsha na wakubwa watatu, Jilo na wenzake, na nyumba nzima ikawa juu.

"Baba Jilo," Sadia alisema siku ya nne, kichanga begani, Nuria akimvuta leso. "Wewe unatafuta wakati wa kutembea, mimi natafuta mtu wa kunichukulia huyu. Mbebe, mwende zenu. Wateja watangoja."

Basi Roba akamweka Nuria shingoni, wakashika njia ya Idsowe kabla jua halijatoka. Nyasi zilikuwa na umande, na mashambani watu walikwisha kuanza kuwapigia kelele ndege wa mpunga. Visigino vya mtoto vilimgonga kifuani. Kila alichokiona Nuria alikiita ng'ombe: mbuzi ng'ombe, mbwa ng'ombe, mama mwenye jembe naye ng'ombe. Roba alipumzika mara tatu. Aliporudi shati limeloa, alimkuta Sadia amelala, kichanga kimelala, nyumba kimya. Hakumwamsha mtu. Akachemsha chai mwenyewe.

Asubuhi ya tatu akakutana na binamu yake Halkano, akipeleka ng'ombe malishoni.

"Umepoteza ng'ombe?" Halkano akauliza.

"Sijapoteza."

"Mbuzi, basi?"

"Hata mbuzi."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Siendi mahali. Natembea tu, halafu narudi."

Halkano akamtazama, akamtazama na mtoto, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Mchana ule wazee wanne walifika nyumbani, Halkano akiwa mbele. Roba aliitwa kutoka dukani. Waliketi kwenye mkeka, wakasifu mvua, wakauliza hali ya mifugo, mwisho Halkano akamgeukia Sadia.

"Shemeji, tumekuja kwa wema. Mtu mwenye duka, mwenye chakula, anatoka alfajiri na mtoto shingoni, hana alichopoteza wala anakokwenda. Kama si ugomvi wa nyumba, ni nini? Sema alichokukosea, tuyamalize."

Sadia alijifunika uso kwa leso. Wazee wakadhani analia. Kumbe alikuwa akicheka, mabega yakimtikisika, mpaka Roba naye akashindwa kujizuia.

"Ugomvi!" Sadia alisema alipopata sauti. "Wazee wangu, tangu nizae sijalala kama siku tatu hizi. Mkitaka kutupatanisha, mwambieni kesho asikose."

Wakanywa chai ya maziwa mengi, Roba akiwaeleza alivyoagizwa zahanati. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama dawa hiyo ya Bwana Omar inafaa pia kwa kiuno.

Masika ilipokaza, njia ikawa tope tupu, na Roba akakaa siku kumi bila kutoka. Alipoanza tena, pumzi ilimwishia kama mwanzo, akaona ni afadhali asikae tena. Siku za mvua akawa anaizunguka nyumba yake na ya jirani, suruali kaikunja magotini, Nuria akihesabu mizunguko kwa namba alizojitungia. Wateja wakazoea. Aliyefika mapema alikaa kizingitini akazungumza na mwenziwe.

Mvua zikapita. Asubuhi moja ya baridi walifika kwenye mashamba ya kwanza ya watu wa Idsowe, pale alipozoea kugeuka. Nuria alikuwa amelala, shavu limemwegemea babaye utosini. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Miguu ya Roba ilikuwa myepesi, kifua kimetulia, na hapakuwa na aliyemwambia aendelee. Akaendelea.